King'ora cha Mashine ya Adamu

Mume wangu Adamu hajui kutulia. Akila, mguu unacheza chini ya meza. Akilala, vidole vinafungua skrubu za ndotoni. Ni fundi wa redio na sola hapa Makole, na hawezi kuona kitu kimekufa akakiacha kipumzike. Kwa hiyo nilipomwambia mikono inamuuma mama yangu, anayeishi nasi, hawezi tena kufua, nilijua nimemwasha.

Mikono ya mama ilikuwa mizima. Shida ilikuwa shuka. Tangu augue, kila kukicha zimelowa, na mimi natoka alfajiri kwenda zamu hospitalini. Alikuwa anazificha chini ya kitanda hadi nirudi. Ningemwambiaje Adamu hayo? Kwetu mwanaume hagusi nguo za mama mkwe wake, wala hatajiwi maradhi ya namna hiyo. Hata wakisalimiana, kila mmoja anaangalia ukuta wake. Na mama alishasema, akiona aibu inamzidi anarudi Kondoa kuishi peke yake. Peke yake, na presha yake ile ya kupanda! Nilikuwa nakosa raha mchana kutwa.

Stoo kulikuwa na mashine kuukuu ya kufulia, mota nzima, pampu nzima, ila umeme uliunguza sehemu inayoiongoza. Adamu aling'oa vitufe vyote vya zamani, akafunga kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiberiti, akaiandikia amri mwenyewe: fungua maji, yakifika hapa funga, zungusha, mwaga, kamua. Maji ya mgao yakikatika, subiri. Mbele akaacha kitufe kimoja tu, kikubwa, chekundu. Mwishoni, kwa furaha zake, akafunga king'ora.

"Mama asihangaike kuja kuchungulia," alisema. Kilipolia, kuku wa jirani walitawanyika.

Siku za mwanzo nililala usingizi wa pono. Kisha jioni moja nikakuta shuka zimerudi chini ya kitanda, na begi la mama limefungwa.

"Jumamosi naondoka."

"Mama, kuna nini?"

"Nimepakumbuka kwangu."

Nilizunguka nyumba nzima kwa hasira. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikabaki, nikaziingiza shuka mwenyewe huku mama amekaa barazani. Mashine ilipomaliza, ikapiga kelele. Jirani yetu Cecilia akapaza sauti ng'ambo ya ukuta, kwa wema wake wote: "Shikamoo, mama Naima! Leo tena mnafua?"

Mama, ambaye hajawahi kuacha shikamoo ya mtu bila marahaba, hakuitikia. Alivuta mtandio, akafunika uso. Hapo nikaelewa. Mashine ilikuwa inamtangaza mtaa mzima.

Adamu aliporudi nikamvaa mlangoni.

"Toa king'ora chako!"

"Kina shida gani?"

"Toa tu!"

"Naima, sasa mtu atajuaje imemaliza?"

Ukweli adabu ilikuwa imeukalia. "Basi endelea nacho," nikasema, "Jumamosi umsindikize mama stendi."

Aliniangalia. Mguu wake ukaacha kucheza. Hilo lilinitisha kuliko kama angefoka.

Siku iliyofuata nilimkuta anatoboa ukuta wa chumba cha mama kwa nje. Akapitisha waya, kisha akanipa taa ndogo ya kijani, maana yeye chumba cha mkwe haingii.

"Mwekee mama pembeni ya kitanda. Mashine ikimaliza itawaka. King'ora nimekitupa."

"Adamu..."

"Naitafuta bisibisi," alisema, akaondoka haraka. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Jumamosi mama alibonyeza kitufe chekundu, akarudi kukaa kitandani, begi miguuni. Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena. Ngurumo ya mashine ilikoma. Kwa Cecilia kimya. Taa ikawaka.

"Naima," mama alisema taratibu. "Mumeo anajua?"

"Anajua nini, mama?"

Aliitazama ile taa, machozi yanamtoka. Kisha akalivuta begi, akafungua zipu, akaanza kurudisha nguo zake kabatini.