Mgeni wa Kizingitini

Mshonaji alikuwa akipinda sare za shule mpimaji wa hospitali alipobisha hodi. Akaivuka saratani iliyoketi kizingitini, akasalimia nyumba nzima, akakunjua futi yake.

Saratani hiyo ilimfuata mshonaji kutoka hospitalini siku alipopewa majibu ya titi lake. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima, tena pole, haina maneno. Kila mgonjwa alikuwa na yake. Kadiri mtu alivyoyakubali majibu ndivyo yake ilivyosogea ndani, na tarehe ya tiba ya mionzi alipewa yule tu ambaye yake imefika kitandani.

"Bado mlangoni, mama," mpimaji alisema. "Jirani yako wa pili, yake inalala naye."

"Huyo ameshazoea kupangisha," alidakia wifi wa mshonaji, dada wa marehemu mumewe. Mashoga wa mshonaji, waliojaa sebuleni kumjulia hali, wakaangua kicheko.

Mpimaji alipoondoka, wakaishika saratani mikono na miguu kuiburuta nje. Haikusogea. Wifi akaikabidhi jembe, kama mgeni wa siku ya tatu. Ikalipokea kwa mikono miwili, ikaliegemeza ukutani.

Wiki hiyo kitambaa cha kifuani kilianza kulowa damu kabla ya adhuhuri. Mshonaji akakibadilisha, akaenda mlangoni.

"Haya, karibu ndani. Watu wanakukanyaga hapo."

Ikavua viatu, ikapita katikati ya mashoga, ikalala upande wa ukutani, alipokuwa akilala marehemu.

Mpimaji alirudi, akavuta futi mpaka kwenye mto.

"Hongera, mama. Umekubali kabisa. Wengi hufa yao bado iko sebuleni."

"Tarehe yangu lini?"

"Mashine ya mionzi ni mbovu tangu mwaka juzi. Sisi kitengo chetu ni cha kukubali."

"Basi itoe, uondoke nayo!" wifi alisema.

"Ikishaingia haitoki, dada." Akakunja futi, akaaga vizuri, akaenda nyumba ya tatu.

Chumbani saratani ilikuwa imejivutia shuka lote. Mshonaji akatoa mashuka mawili membamba, akayaunga kwa cherehani yawe moja la kuwatosha wawili. Wifi alishika upande wa pili, mshono usipinde.