Fomu ya Wanjira

Rael hakusahau, na wala hakutaka kusahau. Alikuwa amemlea Wanjira, binti wa Daktari Gichuru wa Waithaka, tangu mtoto anatambaa hadi kutimiza miaka mitatu. Halafu daktari huyohuyo, mtafiti wa lugha za watoto, akampima Everlyn, binti yake Rael. Akamwonyesha picha na kumuuliza kwa Kiingereza tu. Everlyn akajibu kwa Kijaluo na Kiswahili, akapewa sufuri. Barua ikaenda shuleni Riruta kwamba lugha nyingi za nyumbani zimemchelewesha, na mtoto wa miaka sita akarudishwa chekechea kukaa na vitoto vinavyonyonya vidole. Rael akaendelea kufua soksi za daktari, lakini alimwekea kinyongo.

Siku moja akipangusa meza aliiona fomu ya utafiti ya Wanjira. Lugha anayosikia nyumbani: Kiingereza pekee. Ebo! Aliyejaza ni baba mtu, anayetoka mtoto hajaamka na kurudi kashalala, na mama yuko masomoni ng'ambo. Kutwa nzima Wanjira alisikia Kijaluo cha Rael. Rael akairudisha fomu mahali pake, akasubiri.

Siku ya kutangaza matokeo ya utafiti, katika hoteli moja katikati ya jiji, aliagizwa amlete Wanjira aonyeshwe wageni. Daktari alipomaliza kuwasifu watoto wa lugha moja, Rael alisimama, akachukua mezani picha zilezile alizoonyeshwa Everlyn na kumuuliza Wanjira kwa Kijaluo. Mtoto akazitaja zote, kisha akaongeza wimbo wa kuku.

"Fomu yake nani alijaza?" akauliza Profesa Nzomo, mkuu wa utafiti.

"Mimi," daktari akasema.

"Na hao wengine wa Kiingereza pekee?"

"Wazazi wao."

"Wanaoshinda kazini kama wewe?"

Daktari akaanza kukusanya karatasi zake.

"Daktari, nataka barua ya mtoto wangu," Rael akasema.

"Mama Everlyn, hiyo tutaongea Jumatatu kwa ofisi."

"Tutaongea hapa. Kalamu unayo."

Daktari akaandika, ukumbi mzima ukimtazama, kwamba alimpima Everlyn kwa lugha moja tu, na arudishwe darasani kwake. Rael aliisoma mara mbili, moyo ukimtulia kwa raha, akaitia kifuani.

"Na kazi nimeacha," akasema, akimkabidhi mtoto.

Wanjira akaangua kilio, akirudia neno moja la Kijaluo huku akijinyonganyonga juu ya suti ya baba yake.

"Anataka nini?" daktari akauliza.

Rael alijua vizuri sana kwamba mtoto amebanwa na mkojo.

"Muulize kwa Kiingereza," akasema, akashuka ngazi.