Jibu la Daraja

Saa nne na robo asubuhi Shangazi, mpika chai, aliweka vikombe saba vya chai kwenye meza ndefu ya ofisi ya wahandisi, na chai yote ikalalia kushoto. Ikakaa hivyo kidogo, kama inayosikiliza umbea wa ukutani, kisha ikalalia kulia. Ghorofa ya tatu ilikuwa inayumba. Kila mtu alichukua kikombe chake pale kilipompitia.

"Leo sukari inajikoroga yenyewe," alisema Shangazi. "Mmenipunguzia kazi."

Sababu ilijulikana. Binti wa kaka yake, mhandisi wa mahesabu pale pale, alikuwa akipima kwa kompyuta daraja jipya la waenda kwa miguu, refu na jembamba, kabla halijajengwa. Programu yake ilikuwa na pande mbili, mmoja ukijua maji na mwingine ukijua chuma na zege. Katika kila hatua maji huliambia daraja, nakusukuma hivi. Daraja hujibu, nami nimesogea hivi. Maji hubadili njia kwa jibu hilo, kisha husukuma upya. Mazungumzo ya namna hiyo yangechukua wiki tatu, na Mkuu wa ofisi alikuwa na siku nne. Basi akaagiza jibu la daraja likatwe: maji yaseme, daraja lisikilize, yaishe.

"Mkuu, huko ni kumhoji mtu aliyezibwa mdomo," alisema mhandisi.

"Ndiyo maana hatabisha," alisema Mkuu.

Namba zikatoka tulivu kama maji ya mtungini. Lakini lile jibu, likiwa limefungiwa mlango kwenye kompyuta, likaingia sakafuni.

Kufikia mchana ofisi ilikuwa imezoea. Karani alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akangoja sakafu iinamie dirishani, akapeleka mafaili na kurudi bila kunyanyua mguu. Mtunza stoo, ambaye tangu azaliwe hakujua kucheza, akagundua kumbe anajua. Katibu muhtasi alikilaza kichanga chake kwenye trei ya barua zinazoingia, kikalala fofofo, na idara ya chini nayo ikaanza kupandisha vya kwao. Wenye shida na wasio na shida walipanga foleni ngazini, wanacheka.

Shangazi alichukua glasi, akaichora mistari mitatu kwa kalamu, akaijaza chai nusu na kuiweka kando ya simu.

"Chai ikifika wa kwanza, cheka. Wa pili, shika ukuta."

"Na wa tatu?" aliuliza mhandisi.

"Wa tatu nalala kwako. Tandika mapema."

Mhandisi peke yake hakucheka. Shangazi aliishi ng'ambo ya mto, na lile daraja lingekuwa njia yake asubuhi na jioni, na goti lake bovu. Jumatano akalirudisha jibu kwenye programu. Ghorofa ikatulia pale pale, vichanga vyote vikaamka kwa mpigo mmoja, na kwenye skrini, katika hatua za mwanzo tu, daraja likaanza kukata viuno mpaka likaangusha nguzo ya kati. Alimwita Mkuu aone. Mkuu aliangalia hadi mwisho, akaomba irudiwe, akaangalia tena.

"Linacheza vizuri," alikiri. "Kata."

"Shangazi yangu atapita hapo."

"Kwani mimi nakaa wapi? Si huko huko ng'ambo? Kata, binti. Ijumaa ni Ijumaa."

Mhandisi alipokataa, Mkuu aliinama akakata mwenyewe. Kilikuwa kitufe kimoja tu. Sakafu ikarudia mwendo wake, vichanga vikalala.

Ijumaa alikuja mkaguzi. Alisaini ripoti meza ilipompitia mara ya tatu, akaomba apandishwe kwenye kiti cha karani raundi moja, akaondoka anapiga mluzi. Daraja likajengwa, likapakwa rangi, utepe ukakatwa. Ripoti iliyosema halitikisiki ikafungiwa kabatini, na kabati likaendelea kutembea.

Tangu hapo ofisi ikaacha kuifuata kompyuta, ikaufuata mto wenyewe. Mvua ikinyesha milimani, chai hupanda kwenye glasi. Shangazi aliitazama kila jioni kabla ya kuvaa viatu. Majirani zake wakajua, nao majirani wa majirani, na simu ikawa haipoi: chai ikoje? Mkuu akabandika tangazo kwa herufi kubwa: SIMU SI YA KUULIZIA CHAI.

Asubuhi moja ya mvua Shangazi, aliyekuwa amelala kwa binti wa kaka yake, alipokea simu ya ofisi. Sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mama, chai ikoje leo?"

Aliitambua. "Imepita mstari wa pili, Mkuu, inauchungulia wa tatu. Lakini ripoti inasema daraja halitikisiki."

"Ripoti naijua," alisema Mkuu. "Nimeuliza chai."

Alifika saa tano, kwa barabara ya kuzunguka, viatu vikavu. Akaketi, akafungua kalamu, akangoja meza impitie ili asaini ripoti ya daraja la pili.