Fungu la Saba

Jirani Jedida husimulia kwamba siku ya mnada wa Kikambala, Kasiva alimpandia dau tajiri wa Nairobi mpaka tajiri akavua koti, akavua na saa, akaomba maji. Jedida hakuwepo. Alikuwa kwake anakuna nazi. Lakini hilo la maji ni kweli.

Hoteli ilikuwa imefungwa, vileo vya ghalani vikapigwa mnada fungu kwa fungu. Kasiva alilifagia ghala hilo miaka sita na kupangusa kila chupa. Alichokitaka ni fungu la saba: chupa ishirini na nne za mvinyo mwekundu wa zamani, karatasi zake zimeliwa na mende, hazina hata jina. Yeye alizijua kwa lakiri yao ya kijani. Viola, mwenye mkahawa Kilifi, alikuwa amempa pesa za amana na ahadi juu: akizileta hizo, kazi ya kutunza ghala la mkahawa ni yake.

Shida ilikuwa Thuku, huyo tajiri. Fungu la pili Kasiva aliinua mkono kidogo tu, Thuku akapanda juu yake. La tatu, vile vile. Kasiva akaelewa: bwana huyu hatazami chupa, ananitazama mimi. La saba likifika, nimekwisha.

Likaletwa fungu la tano, wiski, masanduku yanang'aa dhahabu. Sasa, mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, lakini wiski husimamishwa, maana ukali wake hukila kizibo. Meneja wa mwisho alizilaza zote miaka mitatu ili zipendeze wageni. Kasiva aliziona zikipungua, vizibo vikimeguka kama mkate mkavu.

Akainua mkono.

Thuku akapanda. Kasiva akapanda. Kwa mafungu yote, hakuna aliyeruhusiwa kupita kiwango cha amana aliyoweka asubuhi, na Kasiva akaitaja yake yote.

“Mara ya kwanza,” dalali akasema.

Thuku asipopanda tena, Kasiva angerudi Kilifi na wiski mbovu, na kazi ndiyo imekwenda.

“Mara ya pili.”

Thuku akajipangusa shingo, kisha, ili amkomeshe kabisa, akataja yote iliyobaki ya amana yake.

Kasiva akaketi. Fungu la saba lilipotolewa watu walizicheka zile chupa zisizo na majina, na Thuku mikono i mifukoni, hana la kupandia. Dalali akahesabu mbio mbio kama mwenye njaa. Zikawa za Kasiva. Vigelegele vilimfika kooni, akavimeza.

Nje, Thuku alikuwa ameinua chupa ya wiski juani, anatazama ilivyopungua. Akaomba maji, akanywa, akamwendea Kasiva.

“Dada, ulijua?”

“Nilijua, bwana. Ungezitazama chupa badala ya kunitazama mimi, ungejua na wewe.”

Thuku akacheka mpaka akashika kiuno. “Ijumaa kuna mnada mwingine Mtwapa. Njoo usimame upande wangu. Nitakulipa kuliko huyo wa Kilifi.”

Kasiva alikuwa anazilaza chupa zake ndani ya tuktuk, moja moja, juu ya majani makavu.

“Dada,” Thuku akasema, sasa hacheki, “nakuomba.”

Kasiva akalaza nyingine.