Jalada Lililosomeka Kutoka Mlangoni

Mama alikuwa na pini mdomoni, ndiyo maana siku ile hakugomba. Alipiga magoti nyuma ya baba pale sebuleni, akawa analikusanya koti la bendi mgongoni na kulibana, pini juu ya pini, mpaka mbele likakaa sawasawa. Kwa mbele ungeapa limeshonwa jana kwa kipimo chake. Kwa nyuma lilikuwa mgongo wa nungunungu.

"Kwa nini usilipunguze tu?" nikamuuliza. "Si wewe ndiye fundi?"

Akatemea pini kiganjani. "Nilipunguze ili iweje? Akinenepa tena nianze kufumua? Wewe piga picha zako, nina nguo za watu hapa."

Baba akagonga meza kwa kijiko, mara moja. Mara moja ilikuwa ndiyo, mara mbili hapana, na mfululizo ilikuwa njaa au hasira, utajua mwenyewe. Ndivyo alivyozungumza nasi tangu alipopasuliwa koo. Daktari alimkataza kutoa sauti, hata kunong'ona, na baba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumsikiliza daktari wala mke, safari hii alitii kama mtoto wa chekechea. Alikuwa mwimbaji. Waliomjua jukwaani walimwita Zumari, na hata muuza mkaa wetu hakujua jina lake jingine. Aliamini sauti imelala humo ndani, na kwamba kila neno analolimeza linakwenda kuiongezea nguvu. Alikuwa anaiweka akiba.

Kumbe hapakuwa na kitu cha kuweka. Siku ya kutoka hospitali, daktari alituita mimi na mama kwenye ukumbi mwembamba unaonuka dawa ya sakafu, akatuambia kwamba alichokikuta kooni kilikuwa kimekula zaidi kuliko alivyotarajia. Kidonda kikipona mzee ataongea, ndiyo, kwa kukwaruza. Kuimba asahau. Akauliza kama amwambie yeye au tutamwambia sisi.

"Tutamwambia wenyewe," mama akasema.

Tutamwambia kidonda kikipona. Kidonda kikapona. Basi tutamwambia akianza kula vizuri. Akaanza kula vizuri. Sasa ilikuwa akinenepa, na kila baba alipotaka kujaribu walau neno moja, mama alimtolea macho: "Daktari amesema bado!" Daktari hakuwa amesema lolote tangu kidonda kipone. Nilimlaumu mama, na mpaka leo namlaumu, ila na mimi niliufyata. Nilijiambia ni jambo la watu wawili waliooana, mimi silimo.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea usanifu wa magazeti. Kazi ya kufuzu ilikuwa jalada la jarida la muziki ambalo halipo duniani. Jina ulitunge mwenyewe, picha uipige mwenyewe, na ndani uandike kurasa mbili za mahojiano na huyo uliyemweka mbele. Wenzangu walipiga picha marafiki zao waliovaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na mwimbaji wa kweli anayelala chumba cha pili, kwa hiyo nikaringa mapema.

Nikasukuma kabati, nikatundika shuka la kijivu ukutani, nikamsimamisha baba. Hakuhitaji kuelekezwa. Aliinua kidevu, akafumba macho, akafungua kinywa kana kwamba anapanda pale juu kabisa kwenye wimbo, pale ambapo watu ukumbini huacha vinywaji vyao. Hakutoa hata pumzi. Nikapiga. Mama akaondoka ghafla kwenda jikoni, eti kuna kitu kinaungua. Jiko halikuwa limewashwa.

Jarida nikaliita Mwangwi. Kichwa kikuu nikaandika NARUDI, na chini yake: Zumari azungumzia ukimya wake na onyesho lijalo. Nikaweka tarehe ya toleo, bei, na ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine ya dukani. Nikalichapa kwenye karatasi nzito, nikamletea. Baba alilisoma akiwa amesimama. Akaigusa ile mistari myeusi kwa ukucha, akanitazama: hata hii umeiweka? Kisha akakitafuta kijiko chake, akagonga ndiyo nyingi mpaka mama akapiga kelele kwamba meza itatoboka. Jalada likabandikwa karibu na televisheni. Wageni wote walilazimishwa kulitazama.

Mwalimu wetu wa usanifu alikuwa mama mfupi aliyewahi kuhariri jarida la kweli mpaka likafa, na nadhani hakumsamehe mtu kwa msiba huo. Alikuwa na kipimo chake kimoja. Anabandika kazi yako ukutani, anatoka hadi mlangoni, anageuka. Asipoweza kusoma kutoka pale, umeanguka.

"Jalada linamuuzia mtu aliye upande wa pili wa barabara," alikuwa akisema. "Aliye karibu ameshanunua."

La kwangu alilisoma bila shida. Akarudi, akasimama mbele yangu.

"Anarudi lini?"

"Bado haijajulikana, mwalimu."

"Ukumbi gani?"

"Nao bado."

"Mahojiano yenyewe yako wapi?"

"Hajaruhusiwa kuongea."

"Kwa hiyo umeahidi kitu ambacho huna. Hilo si jalada, hilo ni tangazo la dawa ya kuotesha nywele." Akavuta kiti, akakaa. "Huyu ni nani wako?"

"Baba yangu."

"Na ukweli wake ni upi?"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nilikuwa nimelibeba lile jambo muda mrefu bila mtu wa kumwambia, na yeye aliuliza kwa upole, basi nikamwaga yote: daktari, ukumbi wa hospitali, kijiko, na ile 'akinenepa' ya mama. Nililia mpaka kamasi. Alinipa kitambaa chake, akaniacha nimalize, na nadhani alinihurumia kweli. Lakini nilipoinua uso nilikuta macho yake yapo kwenye kompyuta yangu, kwenye picha ya baba.

"Basi hilo ndilo jalada lako," akasema.

Ningeweza kukataa. Ila nilitaka kufuzu, na nilitaka pia, tusifichane, mtu mmoja aniambie nina kipaji.

Nikalifumua lote. Habari ndogo zilizokuwa zikizagaa pembeni nikazifuta. Picha nikaikuza mpaka kile kinywa wazi kikakaa katikati ya ukurasa, na chini ya kidevu nikaweka herufi nene nyeupe: SAUTI HAIRUDI. Chini yake, herufi za wastani: Binti asimulia siri ambayo baba yake bado hajaambiwa. Na ndani nikaisimulia, kurasa mbili, kwa siku moja, bila kufuta hata sentensi. Inaniuma kusema hivi, lakini ilikuwa kazi nzuri. Mpaka leo sijafanya nzuri kuliko ile.

Mwalimu alikwenda mlangoni, akageuka, akasoma kwa sauti. "Hata mimi ningevuka barabara," akasema, na mimi nikafurahi kama mjinga.

Nyumbani sikusema. NARUDI ilibaki karibu na televisheni. Chuo kilipowatumia wazazi ujumbe wa kuwaalika kwenye maonyesho, nilichukua simu ya mama nikaufuta kabla hajauona. Ya baba sikuigusa hata kidogo. Nani angemtumia ujumbe mtu ambaye hajibu? Nilisahau kwamba chuo hakikujua kama hajibu.

Maonyesho yalikuwa mchana, kwenye ukumbi wa mitihani. Meza zilisukumwa pembeni, kukawa na juisi za paketi na viti vya plastiki, na kila mwanafunzi alitakiwa asimame kando ya kazi yake awaeleze wageni. Kwangu palijaa. Wazazi wa wenzangu walitazama ile miwani ya jua kwa adabu, kisha wakaja kusimama kwangu na kutikisa vichwa.

"Maskini," akasema mama mmoja aliyekumbatia mkoba. "Kwani ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na mwenyewe mpaka leo hajui?"

"Bado," nikasema, na nikiwa nasema hivyo nikaliona koti mlangoni.

Alikuwa amenyoa ndevu. Viatu vya jukwaani vilikuwa vimepigwa rangi. Mama alikuwa amekwenda kununua uzi, na yeye akatumia nafasi hiyo kulivaa koti kwa uangalifu, na pini zake zote, maana tangu siku ya picha hakukubali hata moja itolewe. Alisimama mlangoni anatabasamu huku anazungusha macho ukutani, anamtafuta Zumari wake anayerudi. Watu walio karibu naye wakamtazama, wakatazama jalada, wakamtazama tena. Mmoja akapiga makofi mawili, kisha mikono ikamfia hewani.

Niliona midomo ya baba ikisoma. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mwalimu wangu dakika ile, yeye na herufi zake za kuvuka barabara. Baba hakuwa na miwani, na bado alisoma SAUTI HAIRUDI kutoka pale pale.

Akaja polepole mpaka mbele ya kazi yangu, ili asome na ule mstari wa chini. Yule mama wa mkoba akampisha. Baba akausoma, akaurudia kwa kidole. Mkono wake ukatafuta meza ya kugonga, haukuipata, ukapanda shingoni kwenye kovu.

"Kasuku," akasema.

Lilikuwa jina langu la utotoni, kwa sababu ya mdomo wangu. Sikuwa nimelisikia tangu hospitali. Lilitoka kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji, na naye akashtuka, akasubiri kidogo, kana kwamba lililo zuri linafuata nyuma yake.

"Mama yako anajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu siku tuliyokurudisha nyumbani, baba."

Akalitazama jalada tena, muda mrefu. "Umelipanga vizuri," akasema. Afadhali angenizaba kofi mbele ya watu wote.

Tuliondoka bila kumuaga mtu. Nilitegemea atanyamaza. Badala yake aliongea njia nzima. Alimsalimia fundi viatu, akamsalimia mlinzi wa ghala, akawasalimia watu asiowajua, nao wakaitika huku wanamkodolea macho. Alisoma mabango ya maduka kwa sauti: Saluni. Vipuri. Tunanunua chuma chakavu. Aliniuliza habari za masomo, za bei ya karatasi, za rafiki yangu fulani ambaye tuligombana zamani. Sauti ilikatika, akakohoa, akaendelea. Kwenye kona ya dobi alijaribu kuuimba ule wimbo wake uliojulikana zaidi. Alifika neno la tatu, ikabaki hewa tu, akalirudia neno lile lile, ikabaki hewa.

"Baba, tafadhali. Pumzisha koo."

"Nipumzishe niiweke akiba ya nini?"

Nilibaki hatua chache nyuma yake nikiwa nalia, natazama pini zinavyometameta mgongoni mwake.

Mama alikuwa amesharudi, yuko kwenye cherehani. Nadhani alimsikia kabla ya kumwona, maana tulipoingia mguu wake ulikuwa umesimama juu ya kanyagio na uzi umekatika.

"Nani kakuruhusu kuongea?" akafoka. "Daktari amesema—"

"Daktari alisema nini?" baba akauliza.

Akasubiri. Alisubiri kwa heshima, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Mama akanitazama mimi, na uso wangu ukamweleza kila kitu. Akaanza kukusanya vipande vya kitambaa mezani, akavikunja, akavikunjua.

Baba akampa mgongo. Nilidhani anaondoka, lakini alisimama tu pale, mikono chini, kama siku ile ya picha.

"Toa pini," akasema. "Lipunguze."

"Baba watoto, ukinenepa—"

"Mke wangu. Lipunguze linitoshe hivi nilivyo."

NARUDI ilikuwa ukutani, karibu na televisheni, kinywa wazi. Hakuna aliyeitazama. Mama akauchukua utepe wa kupimia, akauvaa shingoni. Akapiga magoti nyuma yake, akaanza kuzichomoa pini na kuzitia mdomoni, moja moja, mpaka mdomo ukajaa na hakuweza tena kusema lolote.