Vipanga Katika Ngano ya Kaka

Mtafiti wa ndege alifika shambani kwa kaka yake akihema. Kipanga aliyemfunga mgongoni kidude cha kutuma ishara, ndege anayekimbia baridi ya mbali kila mwaka, alikuwa hatulii: leo bondeni, kesho mlimani, popote penye mvua na panzi. Sasa ishara ilitoka hapa, kwenye ngano ya kaka.

Kipanga hakuwa peke yake. Mamia walizunguka juu, wakishuka kudaka panzi na kuwala hukohuko hewani. Na chini yao kaka mtu alikuwa anachanganya dawa.

Dada mtu, yule mtafiti, alimshika mkono. Akamweleza kwamba ndege wangekula panzi wenye sumu wafe, ilhali wakiachwa wangeifanya kazi ileile bure. Kaka alimtazama, akatazama ngano. Tangu utotoni alimwita Mama Vipanga, na kumnyima kitu hakuwa amezoea.

"Nawapa mpaka Jumapili," alisema. "Nikipata hasara, tutakula manyoya."

Wifi mtu alikuwa amebeba ndoo ya maji. Aliitua kwa kishindo, akaingia ndani.

Tangu hapo dada hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatoka. Chai ilimpolea mezani. Alipita kingoni mwa shamba akipekua mabua, na kweli panzi walikuwa wakipungua. Jioni vipanga walijazana kwenye mikaratusi nyuma ya ghala, wakisukumana na kugombea matawi kama abiria waliouziwa kiti kimoja. Kaka akaanza kumtania mkewe: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkewe hakucheka.

Ijumaa mawingu yalikusanyika ng'ambo ya mlima. Kulipopambazuka, mikaratusi ilikuwa mitupu. Simu ya dada ilionyesha kipanga wake yuko mbali, kwenye mvua mpya. Panzi waliosalia upande wa mtoni hawakungoja Jumapili. Kaka alipokimbilia bomba la dawa, ukanda mzima ulikuwa umebaki vijiti.

Dada alitaka kuomba radhi, lakini wifi akamtangulia.

"Ulijua kwamba watahama?"

"Nilijua, wifi. Sikujua lini."

"Basi ungesema hivyo. Tungepulizia kule mtoni mapema, huku tukawaachia."

Dada alikuwa ameficha shaka yake ili ndege waonewe huruma, na sasa aliiona ilivyogharimu nyumba ya watu.

Hakuondoka. Alibaki mpaka mavuno, ingawa kila kivuli kilichopita juu kilimfanya ainue shingo. Kaka alivuna pungufu, lakini alivuna. Wifi alimpa mundu bila kumtazama. Siku zilivyokwenda akawa anampa na maji.

Msimu uliofuata simu iliita, na sauti ilikuwa ya wifi, si ya kaka. Wamefika, alisema, na kwa kelele zao hakulaliki. Aje upesi wakate shauri pamoja, wapi pa dawa na wapi pa ndege, kabla hawajabadili mawazo.

"Wao, au nyinyi?" dada aliuliza, mkono mmoja tayari umeshika begi.

"Wote," wifi akasema, akakata simu.