Kiboko Aliyemfuata Khadidja Bwiza

Jumanne asubuhi Khadidja alikuwa akichambua maharage uani kwake katika mtaa wa Bwiza, mjini, kiboko alipoingia. Alipita mlangoni kwa ubavu, akabomoa kipande cha ukuta, akalala karibu na bomba. Khadidja alimtambua kwa sikio lake lililokatika. Walikuwa majirani miaka kumi na tisa, kule mto Rusizi unapoingia ziwani, yeye na mumewe Uthmani wakilima mpunga, kiboko akila fungu lake.

Mwaka juzi mradi wa utalii uliwahamisha. Walielezwa kwamba wageni watakuja kutazama wanyama na wakazi wote watafaidika. Uthmani alipewa kofia na kuahidiwa kazi ya kuongoza wageni. Aliingoja kazi hiyo katika chumba cha kupanga mpaka akafa. Kofia walimvua walipokuwa wakimwosha.

Wapangaji wenzake walimzoea kiboko. Walimwomba radhi wakipita na ndoo, wakahamisha kamba ya nguo. Khadidja alimletea majani ya viazi kutoka sokoni, akamsimulia habari za Uthmani, maana mjini hapakuwa na mwingine aliyemjua akiwa na nguvu zake. Siku alipomsimulia kifo, kiboko hakugusa majani.

Wiki ya pili wageni wakaanza kuja na kamera. Wiki ya tatu akaja Valéry, afisa wa mradi, yuleyule aliyewahamisha mtoni. Alipima kwa utepe kutoka puani mwa kiboko hadi mlango wa Khadidja, kisha akaeleza kwa upole kwamba kanuni za mradi haziruhusu mtu kuishi ndani ya mita hamsini kutoka anapolala kiboko. Wapangaji wote walipewa siku saba.

"Huyu alinifata mi," Khadidja akasema. "Mulimuachia muto yote, akaiacha."

"Najua, mama. Ata mu raporo ya mradi tuliandika: kiboko anapenda watu ya hapa."

"Basi mutuache sisi wote mbili."

Valéry akamwomba asogee pembeni kidogo, mgeni mmoja apate picha nzuri. Khadidja akasogea.

Alihamia mtaa wa viwanda, nyuma ya ghala la saruji. Siku ya nne kiboko akafika, nyayo zimechubuliwa na lami. Khadidja alimmwagia maji mgongoni, akampaka mafuta ya mawese penye vidonda, akamwekea majani. Kisha akaingia ndani, akaanza kufunga vyombo.